Kesi ya Gunia la Iliki

Zakiya binti Abdulghafur hakuzaliwa na hasira. Hasira alizipata kazini, kama wakata mawe wapatavyo kikohozi, kidogo kidogo, hata ikawa hakuna tena anayekumbuka alivyokuwa kabla yazo. Waliosoma naye Kurani chuoni kwa babake, mtaa wa Kuze, walimjua kwa upole. Yeye ndiye aliyekuwa akiwanong'oneza wenziwe herufi wasizozijua ili wasichapwe. Lakini kufikia mwaka wa tisini na nne, alipokuwa na kibao chake mwenyewe cha uwakili, wapita njia walikuwa wakimsikia kutoka barabarani akigombana na simu.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la fundi saa, si mbali na mahakama. Vyumba viwili, feni moja iliyozunguka ikipenda, na karani mmoja aliyeitwa Kiti, Mmijikenda wa Kauma, wa makamo, mtu wa kanisa, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Utulivu huo nao ulimkera Zakiya. Kiti angeingia asubuhi akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama atakunywa chai, kwamba faili la kesi ya leo halionekani, naye Zakiya angetamani walau mwenziwe apige meza.

Haikuwa ofisi kubwa, ila jina ilikuwa nalo. Aliwahi kumtetea mpishi aliyefukuzwa hotelini kwa kukataa kuwapikia wageni samaki waliokwisha kuharibika, na mpishi akarudishwa kazini. Aliwahi kuizuia nyumba ya mjane isibomolewe. Ilikuwa nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi Mombasa, kuta za mtu huyu na kiwanja cha mtu yule, na mwenye kiwanja alikuwa amempelekea ilani ya kuhama mume wa mjane, marehemu aliyekuwa kaburini muda mrefu. Hizo zilizungumzwa barazani. Zisizozungumzwa ndizo zilizomla siku zake: ndugu wawili walioshtakiana kwa sababu ya mfereji wa maji ya mvua, kila mmoja akiapa kwamba mwenziwe ameugeuza umwagikie ukuta wake, au wanawake waliomwandikisha madai ya talaka mpaka shingo ikamuuma, kisha wakapatana na waume zao kwenye ngazi za ofisi yake, wakashuka wakicheka.

Kesi ya Tsofa ililetwa na mkewe, Kadzo, baada ya Pasaka.

Kadzo alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba kubwa za Kizingo, na alikuja ofisini akiwa bado na harufu ya sabuni. Alieleza mambo yake kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza kwa wengi. Mumewe alikuwa hamali wa soko la Marikiti mwenye mkokoteni wake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akimchukulia mizigo Bwana Faraj, mzee wa Kuze aliyeuza viungo kwa jumla. Siku moja mwaka uliotangulia, kabla ya mvua za vuli, gunia la iliki lilikosekana ghalani. Iliki si mchele; gunia lake ni mali ya kumtia mtu wazimu. Bwana Faraj aliwaita polisi, na kwa kuwa Tsofa ndiye aliyeyashusha magunia, Tsofa alikamatwa mbele ya mahamali wenziwe, mikono ikiwa bado kwenye mkokoteni. Mahakama ilikubali atoke kwa dhamana, lakini jamaa zake wa bara hawakuwa na hati ya shamba ya kuweka, basi akabaki rumande. Na tangu hapo, kila alipoletwa mahakamani, mlalamikaji hakutokea, na kesi ikaahirishwa.

"Nimechoka kupewa tarehe," alisema Kadzo. "Nyumbani zimejaa tarehe."

Zakiya aliichukua kesi bila malipo, akamwambia Kiti kwamba hii ni kazi ya mwezi mmoja. Mlalamikaji asipokuja, kesi haina miguu. Itasukumwa mara moja ianguke.

Haikuanguka. Ulikuwa wakati ambao kila mdomo ulisema haki, haki, tangu vyama vingi viliporudi, lakini neno hilo lilikuwa halijapanda ngazi za mahakama. Mara ya kwanza Zakiya kusimama, faili halikuonekana. Mara ya pili faili lilionekana, hakimu akawa likizoni. Kisha lori la mahabusu likakosa mafuta, na kesi haiwezi kusikizwa bila mshtakiwa. Kisha mshtakiwa akaletwa, hakimu akawapo, faili likawa mezani, na mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi mwenye adabu nyingi, akainuka kuomba nafasi ya mwisho ya kumtafuta mlalamikaji. Nafasi hiyo ya mwisho alikuwa ameiomba mara nyingi hata maneno yenyewe yamechakaa. Zakiya aliieleza mahakama kwamba mlalamikaji hajapotea, yuko dukani kwake Marikiti, na kwamba wakati huu wanapozungumza mtu yeyote anaweza kwenda kwa miguu akanunua mdalasini kwake. Watu wakacheka. Hakimu naye akatabasamu, akatoa tarehe.

Kwenda kwa Bwana Faraj mwenyewe Zakiya hakutaka. Wakili wa mshtakiwa hamfuati mlalamikaji, na juu ya hayo mzee huyo alikuwa rafiki wa marehemu babake. Basi alipiga simu, akaandika, akapanda na kushuka, na jioni akarudi nyumbani kwa mamake, alikoishi tangu ndoa yake fupi ilipovunjika, akiwa amekauka sauti.

Karibu na mwisho wa mwaka, inspekta alimwita kando. Alisema, kwa upole wake, kwamba kesi hii imekuwa mzigo kwa kila mtu. Tsofa akikubali kosa, upande wa mashtaka utamwombea huruma, hakimu atauhesabu muda aliokaa rumande kuwa ndiyo adhabu, na mtu atakwenda kwake siku hiyo hiyo. Zakiya alijua kuwa hiyo si haki. Alijua pia kwamba Tsofa amekonda, anakohoa, na kwamba Kadzo amehamia kwenye chumba kidogo zaidi. Akashuka mpaka vyumba vya mahabusu, chini ya mahakama, akamweleza.

"Ukikubali kosa, leo jioni utakula kwako."

"Kosa gani?" aliuliza Tsofa.

"La gunia."

"Sikuliiba."

"Najua hukuliiba. Nakuonyesha mlango wa kutokea."

Tsofa alishika vyuma vya mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo nene ya mbeba mizigo, na sasa shingo hiyo ilikuwa imelegea ndani ya kola.

"Wakili, mimi sina duka," alisema. "Mtu hunipa mali yake, nikamgeuzia mgongo nikaenda nayo, naye hanifuati kuniangalia. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Nikitoka hapa kwa jina la mwizi, nitapewa nini nibebe?"

Zakiya alimsihi, akamkemea, akamtajia mkewe. Tsofa alisikiliza yote, akasema pole kwa kumsumbua. Zakiya akapanda ngazi akiwa amemkasirikia kuliko alivyowakasirikia waliomfunga. Alimwambia Kiti kwamba mteja huyu ni mgumu kuliko mahakama yenyewe. Kiti akafikiri kidogo, akasema angekuwa yeye angejibu vivyo hivyo, na hilo nalo likamkera.

Wiki ile ile, Ijumaa, Zakiya alikuwa akila pilau na mamake, Bi Mwanakuu. Bi Mwanakuu alipenda kusimulia akila, na siku hiyo alikuwa akisimulia arusi ya jirani: nani aliyekuja, nani hakuja, na nani aliyekuja akakaa nyuma. Mke wa Faraj, alisema, ndiye aliyekaa nyuma. Masikini, haya zimemtafuna tangu mambo ya ile iliki, na mwanawe kuwa mbali naye.

Zakiya aliuacha mkono ndani ya sahani.

"Iliki gani, mama?"

"Iliki ya Faraj. Kwani hukuyasikia? Mwanawe ndiye aliyeitwaa akaiuza. Babake alijua mwezi ule ule, akampandisha ndege ende kwa ami yake Maskati."

"Nani ajuaye?"

"Yajulikana. Ila hayasemwi."

Zakiya alimuuliza kama anajua kwamba kuna mtu amefungwa kwa gunia hilo. Bi Mwanakuu aliokota chembe za wali zilizoanguka kwenye mkeka, moja moja. Alikuwa amesikia kwamba palikuwa na hamali. Alidhani ameachiliwa zamani. Si Faraj mwenyewe ameiwata kesi, haendi tena mahakamani?

"Mama, hamali huyo ni mteja wangu. Mwaka mzima nakula nawe sahani moja."

"Nawe hujaniuliza. Ukirudi, kazi yako kumlaani hakimu, kulilaani lori, kulilaani faili. Mimi nitajuaje ni faili la nani?"

Zakiya aliinuka, akanawa, akarudi, akainuka tena. Alikuwa hajui amkasirikie nani kwanza. Alikuwa amezunguka mahakama nzima kutafuta jambo ambalo wanawake wa Kuze walikuwa wakilisimulia huku wakichambua mchele. Bi Mwanakuu aliona analofikiri, akamwonya. Faraj ni mtu mwenye heshima, alisema. Alikuwa wa kwanza kuingia kaburini kuupokea mwili wa babake Zakiya. Mtu akisitiriwa na Mungu, mja asimfunue.

"Amemfunika mwanawe kwa nguo ya mtu mwengine," Zakiya alijibu. "Na huyo mwengine yuko uchi."

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, alikwenda kubisha hodi kwa Bwana Faraj. Mzee alimpokea vizuri, akamuuliza hali ya mamake, akaagiza kahawa na halua. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na sauti ya mtu aliyezoea kusikizwa. Zakiya alipolitaja gunia, hakukana. Aliangalia mlango wa ndani, akateremsha sauti.

"Mimi kesi niliiacha, mwanangu. Sikwenda tena. Nilidhani ikikosa mwenyewe itajifia."

"Haikufa, Ami. Iko hai, na yamla mtu."

Bwana Faraj alisema hakujua kwamba yule mtu bado yuko ndani. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akasema alikuwa hakutaka kujua. Akajitolea kupeleka unga, mchele na mafuta kwa mke wa Tsofa kila mwezi mpaka jambo liishe. Zakiya akamjibu kwamba mke wa Tsofa hakuja ofisini kuomba unga. Alimtaka aje mahakamani aseme anajua gunia lilikokwenda, basi. Mzee aliuliza watakapomuuliza lilikwenda wapi, na nani aliyelitwaa, atasema nini. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu akamtaja.

Kahawa ilipoa. Zakiya aliondoka bila kuionja, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa kama kubamiza mlango.

Alimwendea Tsofa kumweleza, kwa maana aliona ni haki yake kujua kabla ya mtu mwingine. Tsofa akasema kwamba yule kijana, alipokuwa mdogo, alikuwa akimpakia juu ya magunia na kumsukuma mpaka dukani kwa baba yake. Alisema hataki mtoto wa watu afungwe. Anajua sasa kufungwa kulivyo. Anataka mzee aseme si yeye. Zakiya, aliyekuwa ameshatengeneza kichwani mwake hotuba ya kumbomoa mzee na mwanawe pamoja, akaikata nusu.

Aliomba mahakama itoe samansi, Bwana Faraj aitwe kuwa shahidi wa utetezi. Mpeleka samansi alirudi akasema hakumpata. Akatumwa tena, akasema duka lilikuwa limefungwa, ingawa Kiti alikuwa amepita hapo asubuhi ile ile akanunua tangawizi. Mwishowe Zakiya aliomba ruhusa, akaipeleka yeye mwenyewe pamoja na Kiti, wakaiweka juu ya meza ya duka kati ya manjano na pilipili manga. Bwana Faraj alitia sahihi. Habari ilifika nyumbani kabla ya Zakiya. Kuanzia siku hiyo Bi Mwanakuu aliandaa chakula, akakifunika kawa, akaingia chumbani kwake.

Siku ya kesi, mzee alikuja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, joho, na kofia ya kazi ya mkono, akashika bakora, akakaa kwenye benchi la ukumbini katikati ya wanawake wenye watoto wachanga na vijana waliosinzia. Watu walimsogelea kumwamkia, wakidhani amekuja kumdhamini mtu. Kisha mahabusu wakapandishwa kutoka chini, wawili wawili, kila jozi imefungwa kwa pingu moja. Tsofa alipomwona Bwana Faraj alisimama, akamvuta nyuma mwenziwe aliyefungwa naye, akamwamkia kwa heshima ile ile aliyokuwa akimwamkia nayo dukani kila asubuhi. Mzee aliinuka kwenye benchi. Askari akawasukuma mbele kabla hajaitikia.

Hapo ndipo karani wa mahakama alipotoka na rundo la mafaili kifuani, akatangaza kwamba hakimu amekwenda semina Nairobi. Kesi zote zitapewa tarehe.

Ukumbi mzima ulipiga mwayo na kuanza kutoka. Zakiya alibaki amesimama. Bwana Faraj alimjia, akiegemea bakora yake.

"Zakiya, yeo nimekuja," alisema. "Moyo nilioupata yeo sijui kama nitaupata siku nyengine."

Zakiya alikwenda kwa karani mkuu, akaambiwa haiwezekani. Alikwenda kwa inspekta, naye kwa adabu akamwambia mikono yake imefungwa. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba cha hakimu mwingine, mtu mnene aliyejulikana kwa ukali, ambaye siku hiyo hakuwa na kesi na alikuwa akitia sahihi karatasi huku akinywa chai. Zakiya alibisha na kuingia kabla ya kuambiwa aingie. Hakimu alimsikiliza nusu, akamwambia alete ombi kwa maandishi kama wanavyofanya mawakili wengine.

Yote ya mwaka mzima yakamtoka Zakiya.

"Mheshimiwa, kila mahakama ilichokosa nimekileta. Ilikosa faili, nikalitafuta. Ilikosa mlalamikaji, yuko hapo nje kwenye benchi. Leo imekosa hakimu, na wewe ni hakimu."

Hakimu aliweka kikombe chini. Alimuuliza kama anajua kwamba anaweza kumtia ndani kwa kuidharau mahakama. Zakiya akajibu kwamba itakuwa vyema, maana mteja wake amechoka kungojea tarehe peke yake. Alisema hivyo kwa uchovu tu, bila ufidhuli, na pengine hakimu aliliona hilo, kwa maana aliuliza faili liko wapi. Kiti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia na kuliweka mezani. Alikuwa amekwenda kuliomba kwa karani wakati Zakiya akizunguka, na wala hakuona sababu ya kusema.

Kesi iliyokuwa imekula mwaka na zaidi ilisikizwa kwa muda usiotosha kuchemsha mchele. Bwana Faraj aliapa, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Gunia langu nimelijua lilikokwenda," alisema. "Huyu hakuliiba. Aliyelitwaa ni mtu wa nyumbani kwangu, na aliyenyamaza ni mimi."

Hakimu alimuuliza ni lini alipojua. Mzee akasema. Ukumbini kila mtu alikuwa akihesabu moyoni. Inspekta alisimama akaomba kuiondoa kesi. Zakiya akaruka juu kupinga, maana kesi iliyoondolewa yaweza kurudishwa, na alijua mahakama hiyo ina uwezo wa kurudisha chochote isipokuwa wakati wa mtu. Alitaka iandikwe kwamba Tsofa hana hatia. Hakimu akaliandika hilo, akalisoma kwa sauti, akamwambia Tsofa yuko huru.

Ila hakuwa huru bado. Askari mwenye ufunguo wa pingu alikuwa ametoka kwenda kula, na hakuna aliyejua amekwenda kula wapi. Tsofa, mtu asiye na hatia, alikaa kwenye benchi akiwa amefungwa na kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli, ambaye alimwomba asiwe na haraka, maana wakifunguliwa yeye atarudi chini peke yake. Kadzo alikuwa amekuja mbio kutoka Kizingo na kitambaa cha kazi kichwani. Alikaa upande wa pili wa mumewe, akaushika mkono uliokuwa mtupu. Zakiya alitembea ukumbini akienda na kurudi, akamuuliza kila mwenye sare, mpaka sauti ikamkatika kabisa, na ilimbidi Kiti amsaidie kuulizia. Askari alirudi alasiri akichokoa meno.

Tsofa alirudi Marikiti. Mkokoteni wake ulikuwa umetolewa gurudumu moja na mtu asiyejulikana, na mahamali wenziwe, wale wale waliomwona akikamatwa, walimtafutia jingine. Hawakumwambia mengi. Siku chache baadaye Bwana Faraj alitoka dukani wakati soko limejaa, akamwita kwa jina. Alisema, watu wakisikia, kwamba mtu huyu hajapata kumwibia kitu chake, na kwamba anamwomba msamaha, na anamwomba arudi kumbebea mizigo kama zamani. Lilikuwa jambo zito kwa mtu kama yeye, na waliokuwepo walilisimulia hata Kuze wakalisikia siku hiyo hiyo. Tsofa alimpokea mkono, akasema amemsamehe. Lakini mizigo yake hakuichukua.

"Siku nitakayochelewa njiani kidogo tu, mzee, moyo wako utauliza," alimwambia. "Na wangu utajua kwamba wako umeuliza."

Akaendelea kubeba viazi na vitunguu vya wafanyabiashara wengine, na mzee akatafuta hamali mwingine.

Kwa Zakiya, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa ameandaa madai dhidi ya serikali kwa muda wote ambao mtu huyu alikaa rumande bila sababu, madai mazuri, ambayo alikuwa ameyapiga chapa mwenyewe kwa hamu. Tsofa aliitwa ofisini, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akakataa. Alisema hakanyagi tena mahakamani, hata wakitaka kumpa jengo lenyewe. Kadzo aligombana naye pale pale, akiwa upande wa wakili. Kiti alikuwa upande wa Tsofa, kwa kunyamaza. Zakiya alisema kwamba katika watu wote wa pwani, kutoka Vanga hadi Lamu, hakuna aliyeshindikana kama huyu, na kwamba serikali itaendelea kuwasahau watu ndani kwa sababu wakitoka hawaidai neno. Tsofa alikubali kwamba hilo ni kweli, akaaga akaenda zake.

Ofisi nayo ilipata mwaka mgumu. Nyumba mbili tatu za Kuze zilitoa kesi zao, zikawapelekea mawakili wasiowaita wazee mahakamani. Wale ndugu wa mfereji walibaki, kwa bahati mbaya. Na Bi Mwanakuu aliendelea na kimya chake mpaka mke wa Faraj alipokuja mwenyewe siku ya Idi, akamkumbatia Zakiya mlangoni na kumwambia kwamba mumewe sasa analala usingizi. Baada ya mgeni kuondoka, Bi Mwanakuu alimwambia bintiye kwamba amekonda, ale. Hakuomba radhi, wala Zakiya hakungojea.

Kila Jumamosi, Zakiya alipokwenda Marikiti kununua mboga, Tsofa alikuwa akimwona kabla yeye hajamwona, akamtwalia kikapu na kukiweka juu ya mkokoteni bila kuuliza. Zakiya hakuwa na njia ya kukataa, basi aliitumia safari nzima kumrudia habari ya madai: kwamba muda wa kuyapeleka unakwisha, kwamba hatalazimika kusema neno, kwamba atakaa tu. Tsofa alisukuma mkokoteni akiitikia ndiyo, ndiyo, katika vichochoro vya Kuze, watu wakijibanza ukutani wapite. Siku moja walifika mlangoni hivyo hivyo, Zakiya akiwa katikati ya maneno, jasho likimtoka kuliko hamali. Bi Mwanakuu alitoka na gilasi ya maji ya ndimu, akampa Tsofa, akamuuliza kama kifua kimepona, akamwita mwanangu. Kisha akamgeukia bintiye.

"Mwate mtu apumue, Zakiya. Amekwambia hataki."

Zakiya aliwatazama wote wawili, mmoja anakunywa, mwingine anamshikia kisahani. Akawaambia kwamba kama ndivyo, na watafute wakili mwingine wamalize mambo yao, akachukua kikapu chake akaingia ndani kuosha mchicha.